Mama, Kubeba Bidoni Siyo Mazoezi

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaongea mambo ambayo kwa kawaida yanaongelewa nyuma ya nyumba, wamama wakiwa peke yao, sauti chini. Kama nyumbani kwenu gazeti linasomwa kwa sauti mbele ya watoto, hakuna shida, someni tu. Na wewe baba, usiruke ukurasa huu. Unakuhusu, utaona mbele.

Tuanze na mama mmoja wa blok yetu. Amekubali tuandike habari zake, ila jina lake hapana, kwa hiyo tutamwita Mama Mkubwa, kama tunavyomwita siku zote. Ni mtu wa Fizi, ana miaka 52, amezaa mara nane. Kuna wakati tuliona ameacha kuja kanisani. Tukadhani amegombana na mtu, maana hayo huku hayakosi. Halafu akaacha foleni ya posho, akawa anamtuma binti yake wa miaka 14. Halafu maji nayo, binti. Mwalimu alipokuja kuuliza kwa nini mtoto haonekani darasani Jumatatu na Alhamisi, ndipo mambo yakaanza kutoka.

Kumbe mkojo ulikuwa unamponyoka. Akikohoa, kidogo. Akicheka, kidogo. Akinyanyua bidoni, kitenge chote kinalowa. Angesimamaje kwenye foleni saa tatu? Angekaaje kwenye benchi la kanisa katikati ya watu? Pamoja na hayo bega lake la kulia lilikuwa limeganda, mkono haupandi, hata blauzi alivalishwa na mtoto. Usiku aliamka amelowa jasho kama mtu mwenye malaria, lakini akipimwa malaria hakuna. Hedhi ilikuwa imekoma karibu mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amehamia kulala kwenye mkeka wa watoto, na mume wake, mzee wa watu, alidhani mke amemchoka.

Alikwenda kutafuta msaada, tusiseme hakwenda. Alipewa vidonge vya maumivu mara nne. Sehemu moja, hatuitaji, aliambiwa: "Mama, huo ni uzee, vumilia." Miaka 52! Mwishowe mwuguzi mmoja alimsikiliza vizuri, akamwandikia karatasi ya kwenda Bujumbura.

Wanaojua safari hiyo wanajua. Kutoka upande wa Ruyigi unapita Gitega, unapita Muramvya, unafika Bugarama kwenye baridi, halafu gari linaanza kushuka milima, kona baada ya kona, mpaka unaliona ziwa Tanganyika chini na joto linakupiga usoni. Mama Mkubwa hakunywa hata tone la maji siku ile, kwa kuogopa aibu ndani ya gari. Baadaye aliambiwa kwamba hilo lilikuwa kosa. Mtu asipokunywa, mkojo unakuwa mkali, na mkojo mkali unakichokoza kibofu, haja inakuja mara kwa mara zaidi. Tunaliandika hapa mapema kwa sababu tunajua wamama wengi wanafanya hivyo hivyo kabla ya ibada, kabla ya safari, kabla ya foleni.

Bujumbura alifikia kwa ndugu, mtaa wa Buyenzi, kule ambako Kiswahili ndicho lugha ya barabarani na mgeni kutoka Kongo hajisikii mgeni sana. Daktari alimpima mkojo, akampima sukari, akamchunguza. Halafu akamtuma kwa kine. Kwa wasiojua, kine ni jina la mkato linalotoka kwenye Kifaransa, na Tanzania wanamwita mtaalamu wa tiba ya viungo. Ni mtu anayetibu kwa mazoezi na kwa mikono, siyo kwa sindano. Wengi tumemjua kama mtu wa watoto wenye ulemavu na watu waliovunjika miguu. Kwamba ana kazi pia na mama aliyekoma hedhi, hilo tulikuwa hatulijui.

Na Mama Mkubwa naye hakulijua. Alitegemea operesheni, au dawa ya nguvu. Akaambiwa akae kwenye kiti ajifunze kukaza misuli. Alikasirika kweli kweli. "Nimekuja siku nzima ndani ya gari, nimeacha watoto, mnanipa mazoezi? Mimi nabeba maji tangu niko na miaka saba! Nimelima, nimetwanga, nimebeba kuni, nimekimbia vita na mtoto mgongoni. Mazoezi gani tena?"

Swali hilo ni letu sote, ndiyo maana tumeandika makala hii. Kila tukitaja mazoezi, mama wa kambi anacheka. Mazoezi ni ya watu wa mjini wenye viatu vya raba. Lakini sikilizeni jibu alilopewa.

Kine alimuuliza: kitanda cha kamba unakijua? Akasema namjua hata fundi wake. Haya, kitanda cha kamba kikilaliwa kila siku na mtu mzito, kamba zinakuwa na nguvu zaidi au zinalegea? Zinalegea, zinashuka, mwishowe mgongo unagusa chini. Basi ndani ya nyonga za mwanamke kuna misuli iliyotandikwa vile vile, kutoka mbele mpaka nyuma. Juu yake vimelala kibofu, kizazi na utumbo. Kila mimba ilikaa juu ya kamba hizo. Kila uzazi ulizivuta. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na kila ukiinyanyua, tumbo linasukuma chini, juu ya kamba zile zile. Unachofanya siyo kuzifundisha. Unazilalia. Zinataka kukazwa moja moja, kwa utaratibu, kama fundi anavyokaza kitanda.

Mama Mkubwa anasema hapo alinyamaza.

Nini kinabadilika mwilini

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55. Daktari anasema imekoma kabisa ikiwa miezi 12 imepita bila kuona damu. Kabla ya hapo kuna miaka ya katikati: inakuja, inapotea, inakuja nyingi, inachelewa. Sababu ni kwamba mifuko ya mayai inapunguza kutoa homoni inayoitwa estrojeni. Homoni hiyo haikuwa na kazi ya uzazi tu. Ilikuwa inalinda mifupa, inalainisha njia ya uzazi na njia ya mkojo, inasaidia mwili kupanga joto lake. Ikipungua, kila sehemu inalalamika kwa namna yake.

Mifupa ndiyo tunayoiogopa zaidi, kwa sababu haisemi. Miaka ile ya kwanza baada ya hedhi kukoma, mfupa wa mwanamke unapungua uzito kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote. Hauumi. Siku moja bibi anateleza kidogo karibu na bomba, anaweka mkono chini, kifundo kinavunjika. Au nyonga. Na nyonga ikivunjika kambini, mbali na hospitali kubwa, wenyewe mnajua inavyokuwa. Wale mabibi tunaowaona wamepinda mgongo, wengi wao siyo kwa sababu ya jembe peke yake. Pingili za mgongo zenyewe zimebonyea.

Misuli nayo inapungua. Viungo vinakakamaa asubuhi. Bega kuganda kunawapata zaidi watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye sukari zaidi ya wengine. Linaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu kufunguka. Anayelificha mkono kwenye kitenge akisubiri upone wenyewe, anaurefusha huo muda.

Sasa hili la jasho la usiku na joto la ghafla, tuseme ukweli ili tusije tukadanganyana: mazoezi hayajathibitishwa kwamba yanaliondoa. Mwaka 2014 watafiti walikusanya uchunguzi mbalimbali wakaupima, wakasema ushahidi hautoshi. Kwa hiyo mtu asikwambie kimbia tu joto litaisha. Yanayoweza kusaidia ni madogo madogo: nguo nyepesi mbili badala ya moja nzito, maji ya baridi karibu na kitanda, kupunguza pilipili na chai ya moto sana jioni kama unaona ndivyo vinavyokuwasha, pombe pia. Dawa zipo, lakini hizo ni za daktari. Mazoezi ni kwa ajili ya mifupa, misuli, mkojo, usingizi na roho. Hayo siyo madogo.

Wakimbiaji wa Jumamosi

Jumamosi ya kwanza Mama Mkubwa aliamshwa na kelele. Akasimama haraka, maana kwa mtu aliyekimbia vita, kelele za watu wengi alfajiri zina maana moja tu. Ndugu zake wakacheka: "Tulia dada, ni watu wa sport." Aliyewahi kuishi Bujumbura anakumbuka. Vijana, wazee, wanawake, wanakimbia kwa safu, wanapiga makofi, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, wengine wanapanda mpaka kwenye vilima vya juu ya mji. Mchezo huo una historia yake hata ya huzuni. Mwezi wa tatu mwaka 2014, baada ya vurugu kati ya polisi na watu wa chama kimoja cha siasa, serikali ilizuia kukimbia kwa makundi barabarani Bujumbura, ikataka watu waombe ruhusa na wafanyie kwenye sehemu zilizopangwa. Tunalitaja ili mjue kwa nini sisi tulimwendea kwanza kiongozi wa blok kabla ya kuanza kikundi chetu. Mkimbizi haanzi kundi la watu bila kuuliza.

Kuna kitu hapa kinatuchekesha. Ushauri unaojulikana ni kwamba ukitembea kwa mwendo mzuri wa mazoezi, unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Sasa hawa wa Bujumbura wanapanda mlima wanaimba! Basi wana mapafu yao. Wewe mama usijilinganishe nao. Kama unatembea na jirani, mnaongea maneno mafupi mafupi kwa sababu pumzi inakatika kidogo, hapo umefika.

Shirika la Afya Duniani, ambalo huku tunaliita OMS, mwaka 2020 lilisema mtu mzima afikishe dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki. Lilisema pia afanye mazoezi ya kukaza misuli siku mbili au zaidi, na mwenye miaka 65 kwenda juu aongeze mazoezi ya kusimama imara, siku tatu, ili asianguke. Hapa ndipo tunaweza kumpa haki yake Mama Mkubwa: kutembea haraka kwenda kuni au sokoni kunahesabika ndani ya hizo dakika. Kulima kunahesabika. Moyo haujali kama umevaa raba au kandambili. Ila kamba za kitanda, bega, na misuli ya mapaja havipati haki yao kwenye kazi hizo, na kilo 20 kwa mpigo mmoja ni hatari kwa mgongo ambao mfupa wake umeanza kupungua.

Alivyofundishwa, na tunavyofanya

La kwanza ni lile la kukaza kamba za chini. Kaa kwenye kiti, au kigoda, au kwenye bidoni iliyogeuzwa. Magoti yaachane kidogo. Sasa fikiria uko katikati ya watu na hewa inataka kutoka, unaizuia. Papo hapo zuia na mkojo. Vuta kwa ndani na kwa juu. Ndiyo hiyo misuli. Weka mkono tumboni: tumbo lisikakamae. Makalio yasibanwe, mapaja yasibanwe, na pumzi usiifunge. Mtu aliyekaa mbele yako asijue unafanya nini. Akijua, basi unafanya kwa uso, siyo kwa misuli. Kaza, hesabu mpaka tano polepole, legeza kabisa, hesabu tano tena. Kulegeza ni nusu ya kazi. Fanya mara nane, asubuhi, mchana na usiku. Kama kuhesabu tano hakuwezekani, anza na mbili. Baada ya wiki kadhaa utafika kumi.

Usijifundishe kwa kukata mkojo katikati kila ukienda chooni. Wengi wamefundishwa hivyo zamani. Mara moja kwa ajili ya kuitambua misuli siyo mbaya, lakini kuifanya desturi kunakizuia kibofu kumaliza kazi yake.

Zoezi hili siyo geni. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliliandikia mwaka 1948, na mpaka leo ndilo la kwanza kujaribiwa kabla ya kumfikiria fundi wa operesheni. Lakini lina masharti yake: miezi mitatu. Siyo wiki mbili. Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa, tunafanya siku kumi, tunasema ni uongo. Mama Mkubwa mwenyewe alikata tamaa wiki ya tano. Tulimkuta anasema afadhali angepewa sindano. Akaanza tena kwa sababu binti yake alimchorea mistari ukutani kwa mkaa, mistari mitatu kila siku, naye kila akimaliza anafuta mmoja.

Kuna siri moja ndani yake ambayo inafanya kazi haraka kuliko yote: kaza kwanza, ndipo ukohoe. Kaza kwanza, ndipo upige chafya. Kaza kwanza, ndipo unyanyue. Na unaponyanyua, toa pumzi nje, usiifunge ndani.

Kuhusu maji yenyewe, lita kumi mara mbili ni bora kuliko ishirini mara moja. Tunajua foleni haitaki hivyo. Basi jaza bidoni mbili ndogo, moja abebe mwingine. Piga magoti kuinyanyua, usiiname kiuno, na iwe karibu na mwili wako. Mwenye baiskeli au kigari cha kusukuma nyumbani, hapo ndipo baba anapoingia.

Kwa mapaja na nyonga: kaa kwenye benchi, mikono kifuani, simama, kaa polepole. Usijitupe. Mara nane mpaka kumi na mbili, pumzika, rudia. Bibi asiyeweza bila mikono ajishikilie, kesho atajishikilia kidogo zaidi ya jana, yaani kidogo pungufu, mmetuelewa. Wamama wa Kiislamu kule Buyenzi walimwambia Mama Mkubwa kwamba wao wanainuka kutoka sijida kila siku na ndiyo maana magoti yao yanaenda. Inawezekana. Lakini hao hao wakamnong'oneza kwamba shida ya mkojo wanayo, na kwao ina uchungu mwingine kwa sababu inavunja udhu. Kwa hiyo siyo sisi wa kambini tu.

Kwa mikono na mifupa ya kifua: simama mbele ya ukuta imara, siyo wa shitingi, weka viganja, kunja viwiko ukisogea karibu, sukuma urudi. Kwa kutoanguka: shika ukuta, panda juu ya vidole vya miguu, shuka polepole. Halafu simama kwa mguu mmoja, hesabu kumi, badilisha. Watoto wanapenda sana hili, wanataka kushindana na bibi. Waacheni washindane.

Bega lililoganda lina mambo yake mawili. Inama kidogo, mkono mzima ushike meza, mkono mgonjwa uachie uning'inie na uuzungushe taratibu kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Halafu kwenye ukuta, tembeza vidole kwenda juu kama buibui, mpaka pale panapovuta, siyo pale panapochoma. Weka alama ya mkaa. Wiki ijayo uipite kwa kidole kimoja. Kusugua bega kwa nguvu na kulivuta mpaka mtu analia, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wetu wa mifupa, kunaweza kuliwasha zaidi.

Mazoezi bila chakula cha mfupa ni kazi nusu. Habari njema kwa watu wa ziwa ni ndagala: ukiila nzima na mifupa yake, unaila kalsiamu yenyewe. Lengalenga na sombe zinasaidia, maharage yanasaidia misuli. Na jua la asubuhi linausaidia mwili kuitumia hiyo kalsiamu. Tunajua posho ilivyo, hatutaki kuandika kama watu wenye soko. Tunasema tu, ndagala ikipatikana, mama naye aile, asiwaachie watoto na baba yote.

Yasiyo ya mazoezi

Mama yeyote ambaye hedhi imekoma miezi 12 halafu damu inarudi, hata tone, hata mara moja, aende kituo cha afya. Asifurahi kwamba ujana umerudi. Mara nyingi siyo kitu kibaya, lakini inaweza kuwa dalili ya kansa, na kansa iliyoonekana mapema ni tofauti kabisa na iliyochelewa. Vile vile aende anayekojoa damu, anayesikia homa na maumivu ya kiuno, aliyeanza kupoteza nguvu miguuni, au anayebanwa kifua akitembea. Aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, au anayeona kimo chake kimepungua, asiruke ruke na asiiname na mzigo. Aonane na daktari kwanza.

Anayesikia kitu kinashuka ukeni, kama yai, hiyo ni kizazi au kibofu kimeshuka. Kukaza misuli kunasaidia kikiwa kimeshuka kidogo. Kikiwa kimetoka, kuna pete maalumu ya kukishikilia na kuna operesheni. Siyo adhabu ya Mungu, na siyo jambo la kufunga na kitambaa na kunyamaza.

Na yule ambaye mkojo unatoka muda wote, mchana na usiku, bila kukohoa wala kubeba, hasa kama ilianza baada ya uzazi mgumu au baada ya kuumizwa, huyo huenda ana fistula, yaani tundu. Mazoezi hayazibi tundu. Watu wa Bukavu wanaijua hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Huku Burundi, mwaka 2010 shirika la Médecins Sans Frontières lilifungua Gitega kituo cha Urumuri kwa ajili ya fistula. Muulize mwuguzi wetu wapi operesheni inafanyika sasa. Muulize faraghani, atakuelewa.

Hapa tuongee kwa upole. Kuna wamama kati yetu ambao vita viliwapitia mwilini, wa miaka ya zamani na hawa waliovuka mpaka mwaka 2025. Kwa mama kama huyo, zoezi la sehemu za chini linaweza kurudisha usiku ule. Basi ajue haya: halazimiki kulala chali, anaweza kukaa. Halazimiki kuvua nguo. Kine au daktari akitaka kumgusa ni lazima aombe, na yeye ana haki ya kusema hapana, au kuomba mtoa huduma mwanamke, au kuomba dada yake abaki chumbani. Na akianza zoezi moyo ukaenda mbio, aache. Mguu na bega havina kumbukumbu hizo, aanzie huko.

Baba, sasa ni zamu yako

Mume wa Mama Mkubwa alimsindikiza mara ya pili Bujumbura. Alikaa kwenye benchi nje, akaitwa ndani, akaelezwa. Anasema alisikia aibu, siyo ya mkojo, bali ya kwamba alikuwa amemnunia mke wake miezi saba kwa kosa ambalo halikuwepo. Kukauka kwa njia ya uzazi baada ya hedhi kukoma kunafanya tendo la ndoa liume. Mwanamke anakwepa, mwanamume anahesabu dharau. Hakuna anayesema. Mnaweza kusema. Na kuna mafuta maalumu na dawa za kupaka ambazo daktari anaweza kuandika.

Baadhi ya wanaume wametuuliza kama mazoezi haya yanamrudishia mama hedhi au uzazi. Hapana. Lakini aliye kwenye miaka ya katikati, hedhi inayokuja na kupotea, bado anaweza kushika mimba, msije mkashangaa.

Leo Mama Mkubwa yuko wapi? Ni mwezi wa tano tangu arudi. Mkojo hauponyoki tena akicheka wala akinyanyua lita kumi. Akishikwa na kikohozi kikali bado. Bega limepanda mpaka usawa wa sikio, mgongoni halifiki. Jasho la usiku lipo vile vile, amelizoea, na amerudi kulala kwenye kitanda chake. Kanisani anakuja, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, anasema ni kwa ajili ya upepo. Binti amerudi shule Jumatatu. Alhamisi bado maji ni yake, hilo tunaendelea kuliongea na baba yake.

Kikundi chetu kinakutana Jumatano na Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, nyuma ya darasa la mwisho la shule ya msingi, kabla jua halijawa kali. Tunaanza na kutembea mizunguko sita, halafu mazoezi ya ukutani, halafu tunakaa na kukaza, tukiongea habari za nyumbani ili mtu akipita asijue tunafanya nini. Hakuna malipo, hakuna kuandikisha jina. Njoo na kitenge cha kufunga kiunoni na chupa ya maji. Wenye wajukuu waje nao, kuna bibi wawili wanawashika kwa zamu. Asiyeweza kutoka nyumbani kwa sababu ya shida yenyewe, amtume mtoto atuite, tutakuja mmoja wetu tumfundishe palepale.